Kisu cha Shee na Mbwa wa Mutie

Shee alipopofuka, Zombe nzima ilikuja kumwonea huruma, na hakuna kilichomkera kama hicho. Walikuja na sukari, na majani ya chai, na midomo. Walikaa barazani kwake wakasema maskini, maskini, wakainywa chai yote waliyoileta na yake mwenyewe juu, wakaondoka. Mmoja alimshika mkono akamwambia kwa sauti kubwa, utadhani anasema na kiziwi, kwamba Mungu amempenda.

"Basi na akupende na wewe," Shee akamjibu, na mgeni akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli sokoni.

Shee alikuwa mchinjaji. Wenye mabucha wa Zombe walikuwa Wakamba, watu wa kanisani, lakini mteja ni mteja, na Waislamu wa mji ule hawakuwa wanagusa nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu mwenzao. Madereva waliopita, hali kadhalika. Wafanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, usiseme. Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa kila mbuzi aliyekufa kwa kisu pale machinjioni alikufa kwa mkono wa Shee, na mtu akifika buchani hakuuliza kama nyama ni halali. Aliuliza tu, "Hii ni ya Shee?" Akiambiwa ndiyo, alitoa kikapu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake, na mali yake, na kila kitu chake.

Halafu Novemba ya mwaka wa sabini na saba akainama nyuma ya banda la ngozi kuokota kamba, na nyoka, swila, akamtemea sumu macho yote mawili. Watu wakaja mbio. Mmoja akamwosha kwa maji ya tumbaku, maana hakosekani mtu wa kujua dawa. Mto ulikuwa umejaa, gari halivuki. Siku ya nne alipofikishwa hospitali mjini Kitui, daktari aliwasha tochi, akaizima, kisha akamuuliza ana watoto wangapi.

"Mmoja, Mwanamisi, na ameshaolewa," Shee akasema. "Kwani macho anayo yeye?"

Aliporudi nyumbani alidai kisu chake kabla ya kudai chakula. Alisema mkono haukutemewa mate. Mutiso, mwenye bucha kubwa kuliko zote na mkubwa wa machinjio, akaja akamkumbatia, akasema, "Mzee Shee, wewe kazi ni yako mpaka ufe." Shee alilia siku ile. Baadaye alipokumbuka yale machozi alitamani kuyarudisha ndani moja moja.

Wa kumwongoza akawa Abubakar, mtoto wa marehemu kaka yake, mwanamume wa miaka ishirini na sita ambaye kazi tatu zilishamwacha. Abubakar alikuwa na mkono laini, wenye unyevunyevu, na alipokushika ulikuwa unakwenda anakotaka yeye. Shee akitaka sokoni, Abubakar alisema jua kali, akampeleka barazani. Akitaka kwa jirani, alisema jirani hayupo. Ijumaa moja alimpeleka msikitini mapema, akamkalisha chini langoni, akaenda zake kupiga soga. Mtu akapita, akamtia Shee sarafu kiganjani. Shee aliirusha ikapiga ukuta.

"Ami, watu wanakupa kwa wema," Abubakar akasema.

"Wema wao wakaulambe," Shee akasema. "Nipeleke nyumbani."

Kila alfajiri, saa kumi na mbili kamili, si kabla, Abubakar alimfikisha machinjioni. Mbuzi alikuwa ameshafungwa miguu, amelazwa. Shee alipapasa shingo, akasoma, akachinja. Wakati mwingine walikuwa wawili. Halafu Mutiso alisema, "Basi, mzee, ndiyo hiyo ya leo. Biashara imekufa, ukame umemaliza mbuzi." Akampa maini, Abubakar akamrudisha barazani. Shee alikuwa anasikia shoka buchani kutwa nzima, kacha kacha kacha, na alijua vizuri kabisa mbuzi mmoja ana mifupa mingapi. Lakini alikuwa mtu aliyepewa kisu chake tena, na mtu wa namna hiyo hataki kuhesabu. Huo ndio ujinga wake, na tusimfichie.

Mbwa alikuwa fikira ya Mutie. Mutie alikuwa jirani, mwindaji, na mwaka uleule serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda chake kutwa akiitukana serikali, na mbwa wake akalala pembeni. Mbwa huyo alimwita Meneja, kwa ajili ya meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akilala kivulini wenzake wakifa jua.

"Shee, huyo kijana anakufunga kama mbuzi wa harusi," Mutie akamwambia. "Chukua hii mbwa yangu. Haina kazi, wewe huna macho. Mkae pamoja."

"Mbwa? Mimi mchinjaji wa Waislamu niende na mbwa machinjioni? Umekunywa?"

"Nimekunywa, lakini sikiza. Mbwa ya mwindaji haigusi nyama mpaka mwenyewe akate, ampe kwa mkono. Hata paa akiwa amelala hapo damu inatoka, hii inakaa chini, inangoja. Ikigusa inachapwa ikiwa ndogo, haisahau. Sasa niambie, Abubakar naye anangoja?"

Shee akacheka, mara ya kwanza tangu Novemba.

Mutie akatengeneza mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa kuzunguka kifua cha mbwa, akafunga juu yake fimbo mbili na kipande cha mti katikati, pa kushika. Walianza kwenye njia ya nyuma ya nyumba. Wiki ya kwanza Shee aliangukia mtaro mara mbili na kichaka cha miiba mara moja, na Mutie alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ya tatu mbwa akajua kwamba yeye si mmoja tena, ni wawili, na tawi ambalo yeye hupita chini yake linampiga mwenzake usoni. Akaanza kuzunguka. Kwenye shimo alisimama kama amepigiliwa misumari, na hata ukimsukuma hasogei.

Kufikia Machi Shee alikuwa anakwenda sokoni peke yake. Alikuwa anakwenda zizini siku ya mnada, anatia mkono mgongoni mwa mbuzi, anabana kiunoni, anafungua mdomo na kuhesabu meno kwa kidole, na wafanyabiashara wakaanza kumwita awapimie. Alikwenda chooni bila kuomba mtu. Kwa mwenye macho hilo si jambo. Shee alisimama mle ndani akamshukuru Mungu kwa sauti, nzi wakimsikiliza.

Mkono aliulinda. Mshikio ulikuwa mkavu, na mtu akiguswa na pua ya mbwa alijua sheria: maji mara saba, moja kwa udongo. Mkewe, Halima, alimwekea kopo la udongo safi mlangoni na jingine machinjioni. Halima mwenyewe mbwa hakumpenda. "Baba Mwanamisi, huyo mnyama akiingia jikoni kwangu, mtalala wote kwa Mutie," alisema. Meneja alilisikia hilo. Jikoni hakuingia.

Lakini mji ukapata la kusema. Rashid, mwenye hoteli ya chai na pilau karibu na stendi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na alikuwa mtu safi sana. Mbwa akipita barabarani, Rashid alimwaga maji mlangoni kwake. Alimwambia kila aliyeagiza chai kwamba ni aibu, ni najisi, kwamba mkono unaoshika mbwa ndio unaoshika kisu, na kwamba tunakula nini jamani. Abubakar alikaa pale hotelini akiitikia, anakula mahamri ya bure.

Sasa siku moja ya Aprili, siku ya Jumatano, Shee aliamka mapema akakosa usingizi. Hakumngoja mpwa wake. Alimfunga Meneja mkanda, akasema, "Kazini," wakatoka. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado.

Mbwa alimfikisha machinjioni akasimama kwenye uzio wa nje, akakaa. Shee akasikia kwato. Akasikia mbuzi akilia, kisha kilio kikikatika. Akangoja asikie mtu akisoma bismillahi. Hakusikia. Alisikia Mutiso akipiga mluzi wimbo wa kanisani, na mbuzi mwingine akiburutwa.

"Huyo wa tisa," Mutiso akasema. "Abubakar, mwache mmoja wa mzee. Mdogo. Mfunge, umwachie pale."

"Yule mwenye kilema?" Hiyo ilikuwa sauti ya Abubakar.

"Huyohuyo. Atajua?"

Sauti ya tatu ikacheka. "Wawili wa hoteli nitengee, minofu mizuri," ikasema. "Cha nyumbani kwangu usijisumbue. Sisi nyumbani tunakula kuku, nachinja mwenyewe." Ilikuwa sauti ya Rashid.

Shee alisimama pale ameshika mti wa mbwa mpaka vidole vikafa ganzi. Miezi mitano! Miezi mitano Zombe nzima inauliza, "Ni ya Shee?", inaambiwa ndiyo, inatoa kikapu. Madereva, wapita njia, wazee waliohiji, wajane waliopelekewa sadaka ya nyama. Na yeye mwenyewe, mchinjaji, kila siku na maini yake. Kila siku na maini, ewe mpumbavu mkubwa!

Hakuingia. Alirudi nyumbani, akamwamsha Halima, akamwambia.

Halima akaketi kitandani, akajifunga leso. Kisha akasema, "Nikapika mimi?"

"Ukapika wewe. Nikala mimi."

Halima akatoka uani. Shee alimsikia akisugua masufuria kwa mchanga, yote, hata la chai. Aliporudi alikuwa anahema. "Sasa utafanya nini? Ukisema, utasema nini? Kwamba ulikaa miezi mitano ukidanganywa kama mtoto mwenye pipi? Jina lako lote ni hilo moja. Ukifungua mdomo umelizika mwenyewe. Watampa Abubakar kisu, na wewe utarudi kwenye lango la msikiti."

"Nisiposema?"

"Usiposema..." Halima akajifuta jasho. "Usiposema wataendelea kula."

"Basi umejijibu."

Siku mbili hakwenda kazini, akasema ana homa. Ijumaa baada ya sala kamati ikamwita uani mwa msikiti. Maalim wa Kitui alikuwa amekuja, kama alivyokuja kila mwezi, mzee mkavu wa maneno machache. Meneja aliachwa nje, chini ya mwarobaini, na Mutie akakaa naye huko kwa udadisi tu.

Rashid alifungua mdomo na hakuufunga haraka. Alizungumza juu ya usafi. Alizungumza juu ya watoto wetu. Alisema anampenda Shee kama ndugu wa tumbo moja, na kwa mapenzi hayo anasema achague, mbwa au kisu. Kisu yupo mtu wa kukishika, kijana wa nyumba hiyohiyo. Wazee wakaguna kwa kukubali. Abubakar akatazama chini kwa adabu, adabu ambayo alikuwa ameipata asubuhi ile.

"Shee," maalim akasema, "una neno?"

"Ninalo swali," Shee akasema. "Rashid, nyumbani kwako mmekula nyama gani tangu Desemba?"

Vichwa vikamgeukia Rashid.

"Nyama ni nyama," Rashid akasema. "Swali gani hilo?"

"Ni kuku. Unachinja mwenyewe. Hotelini unawapikia hawa mbuzi wa Mutiso, aliowachinja Mutiso, kwa mluzi wa Mutiso. Mimi napewa mmoja, kilema, nifurahi. Wengine wote mliowala miezi mitano na kulamba vidole, hata mmoja sikumchinja. Jumatano nilisimama pale nikasikia kwa masikio haya. Na nisingefika pale bila mbwa, maana mpwa wangu huyu alikuwa ananifikisha baada ya kazi kwisha. Mnaosha milango kwa ajili ya mbwa! Osheni matumbo kwanza."

Mzee mmoja alikwenda ukutani akatapika. Wengine walianza kupiga kelele wote pamoja. Mtu akakimbia kumleta Mutiso, na Mutiso, kwa sifa yake, hakukana. "Aiya, mnataka nifanye nini?" akasema mlangoni, amevua kofia. "Yeye akiwa na macho, mbuzi kumi na mbili nusu saa. Sasa mmoja anashika shingo mpaka jua linatoka! Wateja wanaenda. Nikimfukuza, nyinyi mnaacha kununua. Nikamwachia mmoja, roho yake itulie. Huyu mwenyekiti wenu alijua, akasema ni sawa, mzee anahurumiwa."

"Huruma!" Shee akasema. "Nilijua tu iko mahali."

Rashid hakuwa mtu wa kuzama haraka. "Sawa," akasema, "tumekosa, tutubu. Lakini Mutiso kasema kweli. Huyu hawezi. Mchinjaji asiyeona anajuaje alipokata? Kisu kitoke, maalim. Hilo halijabadilika."

Maalim akafikiri. Akasema mbwa wa kazi hana kosa, na udongo upo Zombe tele. Kipofu naye kuchinja si haramu, lakini awe anajua anachokifanya. "Kesho alfajiri nitasimama pale," akasema. "Mbuzi wote wa sokoni, wote kumi na wawili. Akiweza, kisu ni chake, na mbwa wake. Akishindwa, kinatoka. Shee, umekubali?"

"Nimekubali," Shee akasema. Angesema nini?

Kesho yake nusu ya mji ilikuwa kwenye uzio. Meneja alimleta mpaka mlangoni, akakaa, na damu ilipoanza kutiririka kwenye mfereji wa saruji alitoa ulimi tu, akangoja. Watu walimtazama mbwa kuliko walivyomtazama Shee. Shee aliosha mikono, akageuka mpaka jua changa likamgusa shavu la kulia, akajua kibla kiko mbele yake.

Wa kwanza. Kidole gumba kikatafuta fundo la koo, kikashuka chini yake, bismillahi, Allahu akbar, kisu kikapita. Akatia kidole kwenye kidonda: fundo limebaki kichwani, njia ya hewa imekatika, ya chakula imekatika, mishipa yote miwili. "Leta." Wa pili. Wa tatu. Mikono ilianza kukumbuka. Kufikia wa saba alikuwa hapapasi tena, anagusa mara moja tu na kukata, na Mutiso akasema kwa Kikamba neno la mshangao ambalo hapa haliandikiki. Wa kumi alipokwisha jua lilikuwa halijafika kimo cha mtu.

Wa kumi na moja alikuwa beberu, mwenye nguvu. Waliomshika miguu walizembea, akarusha shingo wakati kisu kinashuka. Kisu kikapita vizuri. Damu ikatoka vizuri. Maalim, aliyekuwa amesimama hatua mbili, akasema, "Alhamdulillah."

Shee akatia kidole. Fundo la koo halikuwa kichwani. Lilikuwa limebaki upande wa mwili, zima. Alikuwa amekata juu yake, na njia ya hewa haikuguswa.

Nywele na damu vilikuwa vimefunika kila kitu. Nyuma yake alimsikia Rashid akipumua, anangoja tu. Maalim alishasema alhamdulillah. Amebaki mmoja, na kisu ni chake, na njia ya sokoni ni yake, na Halima hatamwona tena amekaa langoni na kiganja wazi. Nani atajua? Ni swali lilelile alilouliza Mutiso Jumatano, na Shee alilitambua, likamnukia maini.

Akainuka. "Huyu si wenu," akasema. "Nimekata juu ya fundo. Ni haramu. Mutie yuko wapi? Mutie, mchukue wewe, na mbwa mpe kichwa kwa mkono wako."

"Mnaona!" Rashid akapiga makofi. "Mnaona sasa! Nilisema mimi!"

Maalim akamsogelea beberu. Alipandisha kanzu, akachutama, akatia kidole chake mwenyewe kwenye kidonda cha beberu. Aliponyanyuka alitazama kidole, kisha akamtazama Rashid, kisha uzio mzima.

"Nilikuwa nimesimama hapa na macho yangu mawili," akasema, "na sikuona." Akamgeukia Mutiso. "Yule mbuzi wa kumi, wa Shee, nikatie kilo mbili. Nakwenda nazo nyumbani kwangu."

Makelele yakaanza tena pale uzioni, ya kila aina, na Rashid alikuwa anasema jambo ambalo hakuna aliyelisikiliza. Shee hakugeuka. Alikuwa ameshaosha kisu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa mbele, wazi, unangoja.

"Amebaki mmoja," akasema. "Na safari hii mshikeni miguu sawasawa, nyie wenye macho."